Namna ya Kumdhibiti Kiboko Malishoni Bila Kumsumbua Ng'ombe

Zipo nchi ambako mtu mwenye farasi wawili na uwanja wa nyasi hukosa usingizi kwa sababu ya sungura. Sungura huchimba, farasi hutumbukiza mguu shimoni, mguu huvunjika, na mwenye mali huanza kutafuta mtaalamu wa kuwaondoa sungura polepole, farasi wasije wakashtuka. Australia ndiko walikolia zaidi. Mwaka 1859 tajiri mmoja, Thomas Austin, aliletewa sungura wapatao 24 kutoka Uingereza, akawaachilia kwenye shamba lake huko Victoria ili apate cha kuwinda. Kufikia 1907 upande wa magharibi wa nchi ulikuwa umejengewa ua wa zaidi ya kilomita 1,800 wa kuwazuia wajukuu wa sungura hao, na wajukuu wakapita.

Sisi wa Otonglo habari kama hizo tunazisoma kwa huruma, na mate kidogo mdomoni. Sungura akijitokeza mchana kati ya soko letu na Kisian jirani, mbwa na vijana watakuwa wamemaliza kazi kabla mwenye shamba hajavaa viatu, na sheria ya wanyamapori itakuwa imevunjwa bila mtu kusikia mlio. Farasi hatuna. Tuna ng'ombe wa kienyeji, wenye nundu na subira. Na malisho yetu ya kando ya ziwa yana mgeni ambaye mtaalamu wa sungura akimwona atakurudishia pesa zako na nauli juu: tani moja na nusu, wakati mwingine mbili, miguu mifupi, na mdomo usiolingana na akili. Wajaluo humwita rao. Serikali humwita rasilimali ya taifa.

Kwa msomaji wa mbali, Otonglo ni soko lililo kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia, ukishapita njia ya kuingia uwanja wa ndege. Kulia kuna vilima vya Riat, kushoto ardhi inateremka taratibu hadi Ziwa Victoria. Tangu 2013, kijana Daniel Owira wa Shule ya Sekondari ya Highway alipowachekesha Wakenya hadi mbele ya Rais kwa masimulizi yake ya Otonglo Time, watu hutaraji kila mtu wa huku awe mchekeshaji. Si kweli, wengine tuna mashamba. Kiboko hafiki sokoni. Yeye makao yake ni huko chini, upande wa Usoma na Ogal, kwenye matete, na akipanda usiku huishia pale nyasi zinapoishia, ambapo kwa bahati mbaya ndipo sukuma wiki yako inapoanzia.

Kwanza, hakikisha ni yeye

Kesi ya nyasi zilizoliwa usiku huanzia kwa jirani. Alfajiri unakuta kipande chako kimenyolewa, unachungulia upande wa pili wa ua wa mnyaa, unamwona ng'ombe wa mwenzako amelala anacheua kwa utulivu wa kutia shaka.

"Mzee, huyu ng'ombe wako alilala wapi jana?"

"Alilala kwenye kamba, mama. Kwani wangu ana vidole vinne?"

Hapo inama utazame chini kabla hujampigia chifu simu. Ng'ombe huzungusha ulimi kwenye fungu la nyasi akalivuta, na nyuma yake hubaki mashada, hapa refu, pale fupi. Kiboko hatumii ulimi wala meno kukata. Ana midomo yenye upana wa karibu nusu mita, migumu pembeni; anabana nyasi, anatikisa kichwa, anang'oa hadi kwenye udongo, na anapopita pamelainika kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Nyayo zake zina vidole vinne vilivyopanuka. Njia yake ina mifereji miwili yenye tuta katikati, kwa kuwa miguu ya kushoto na ya kulia imeachana mbali na tumbo linaning'inia hapo kati. Na ukiona samadi imepakwa kwenye kichaka hadi usawa wa kifua chako, usimtafute mtoto mtundu. Kiboko akijisaidia huzungusha mkia kwa kasi ili habari zifike mbali. Ndivyo anavyoandika hati ya kumiliki ardhi. Ng'ombe, hata akilishwa vibaya namna gani, hana tabia hiyo.

Ukizikuta dalili zote, mwombe jirani msamaha. Usimwombe sana. Utahitaji kumlaumu tena msimu wa mahindi.

Pili, ijue ratiba yake

Kiboko ni mfanyakazi wa zamu ya usiku. Mchana kutwa yuko majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Hutoa ute mwekundu ambao watu huuita jasho la damu, ingawa si jasho wala si damu, na ute huo humkinga na miale na vijidudu. Giza likishika hutoka, hula kwa saa tano au sita, kiasi cha kilo 40 za nyasi, na kabla hakujapambazuka anarudi. Ng'ombe wako naye anaingia kazini asubuhi, baada ya kukamuliwa, na kufikia magharibi yuko bomani.

Kwa hiyo ile sehemu ya pili ya kichwa cha mwongozo huu, ya kutomsumbua ng'ombe, kiboko alishaitekeleza mwenyewe zamani bila semina. Hawakutani. Malalamiko ya ng'ombe ni yale yale ya kila mtu wa zamu ya mchana: akifika, wa usiku wameshamaliza kila kitu na hawakuacha ujumbe. Sharti ni moja tu, kwamba usimwache ng'ombe amefungwa kwenye kigingi ufukweni usiku kucha kwa sababu ulichelewa kuangalia mpira. Kiboko hali ng'ombe, lakini pia hapendi kuzungukia kitu kilichosimama kwenye njia yake.

Wanaokutana na kiboko ni watu. Ni wavuvi wa omena wanaotoka na taa zao usiku usio na mbalamwezi, na akina mama wanaoteremka bichi kabla ya jua ili wawahi samaki mashua zinapofika. Kwao sheria za barabarani ni chache na hazina mzaha. Usisimame kati yake na maji, kwa maana akishtuka atakimbilia majini, na wewe utakuwa mlangoni. Usifuate mifereji ile miwili gizani hata kama ndiyo njia ya mkato. Ukisikia nyasi zinang'olewa, na kweli zinasikika, rudi ulikotoka kimya kimya. Usidanganywe na miguu mifupi: nchi kavu hukimbia kilomita 30 kwa saa, mwendo ambao bodaboda kwenye njia ya kushuka ziwani wakati wa mvua inauota tu. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa kando ya Ziwa Naivasha akimpiga kiboko picha. Siku hiyo hiyo, si mbali na hapo, kiboko alimuua mvuvi. Dunia nzima iliandika kuhusu mtalii.

Tatu, kelele

Kila kijiji kina bingwa wa debe. Atakuja kwako na fimbo mbili, bati bovu na tarumbeta ya plastiki iliyobaki tangu Kombe la Dunia la 2010, naye atakuhakikishia kwamba rao huogopa kelele. Mpe kiti na chai. Usiku wa kwanza kiboko atasimama, atageuza masikio yale madogo, na ataondoka bila haraka. Mtasherehekea. Usiku wa pili ataondoka akiwa ameshiba nusu. Baada ya hapo atakuwa amefahamu kwamba kelele ile haina meno, atakula huku anasikiliza, na bingwa wa debe atakuwa amepoteza sauti.

Waliolala macho wiki nzima ni ng'ombe. Ng'ombe aliyekesha anasikiliza bati hawezi kukupa maziwa ya maana asubuhi, na kwa hilo utakuwa umekiuka kichwa cha mwongozo. Kelele pekee ambayo huku inaaminiwa kuwa na nguvu ni ile ya usiku ambao Gor Mahia imeshinda mechi kubwa. Lakini huwezi kupanga kilimo juu ya ratiba ya ligi.

Tochi kali husaidia kidogo, moto husaidia hadi kuni ziishe. Mbwa usimtume. Mbwa hodari wa kufukuza atamfuata kiboko hadi kiboko ageuke, kisha atakimbia kurudi kwa mtu anayempenda zaidi duniani, ambaye ni wewe, akiwa amemleta mgeni.

Pilipili

Hii haistahili hatua yake, ila mtaalamu wa mradi ataitaja. Sehemu zenye tembo, wakulima huchanganya pilipili na kinyesi kikavu, wakafinyanga matofali, wakayachoma polepole, na tembo, ambaye ana pua ya kutosha kuteseka, hukaa mbali. Kiboko naye ana pua, lakini ana pia tabia ya kuifunga akizama. Kuna jambo la upepo vilevile. Mchana upepo wetu hutoka ziwani ukaja nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka vilimani kwenda ziwani. Moshi wako wa pilipili wa saa nne usiku utawaendea moja kwa moja wavuvi wa omena, watu wenye makasia, ambao asubuhi watataka kujua ni nani.

Uzio, yaani sehemu yenye faida

Mwenye haraka angeanzia hapa. Kiboko hawezi kuruka. Mwili ule haukuumbwa kwa hilo, na hapendi hata kuvuka kizuizi cha kumfika gotini. Huhitaji ukuta kama wa uwanja wa ndege. Waya mmoja au mbili zenye umeme wa sola, kiasi cha nusu mita kutoka ardhini, hutosha kumfanya ageuze njia; mawe yaliyopangwa vizuri au magogo mazito nayo husaidia. Ng'ombe ataugusa waya mara moja, atajifunza, na hatausahau. Watoto watakwenda kuugusa mara nyingi zaidi kwa sababu ya mashindano.

Tabu ni kwamba waya una soko. Uzio unaomzuia kiboko wa tani mbili haumzuii kijana mwenye koleo na mizani ya vyuma chakavu inayomngoja barabarani. Betri ya sola huondoka kwanza, kisha paneli, waya mwisho. Kiboko hugundua siku ya pili.

Wengine huchimba mtaro. Mtaro ni mzuri sana hadi mvua za masika zinapoujaza maji na majani, ng'ombe akatumbukiza mguu, na ukajikuta umesimama palepale aliposimama mzungu mwenye farasi, ila mashimo umeyachimba mwenyewe na ukalipa vibarua.

Kosa kubwa zaidi la uzio ni kutaka kuzungushia kila kitu. Mtu ana kipande cha nyasi kinachoteremka hadi majini, anaona uchungu kiliwe, anafunga chote, pamoja na njia ambayo kiboko ameipita tangu kabla ya babu yake kununua shuka. Kiboko akiikuta imefungwa hakai chini kutafakari. Anaifuata fensi hadi anapopata mwanya, na mwanya huo huwa ni kwa mjane jirani mwenye mboga na asiye na waya. Zungushia mboga. Zungushia mahindi machanga na boma la ndama. Njia yenyewe iache, na nyasi za pembeni mwachie. Usiku mmoja wa kiboko kwenye nyasi ni hasara ya wiki moja ya mvua. Usiku mmoja kwenye sukuma wiki ni karo ya shule. Ushauri huu ni wa bure na ndiyo maana hakuna anayeufuata.

Usimtafutie kazi

Siku moja atakuja mtu mwenye wazo. Atatazama gugumaji lililoifunika Ghuba ya Winam ziwani kwetu, atamtazama kiboko mwenye njaa, na macho yatamng'aa. Mwambie amechelewa. Mwaka 1910 mbunge wa Louisiana, Robert Broussard, alipeleka mswada katika Bunge la Marekani wa kuagiza viboko kutoka Afrika. Mito ya kusini ilikuwa imezibwa na gugumaji, na nyama ilikuwa ghali mijini. Kiboko angekula gugu, Wamarekani wangekula kiboko, na hesabu ingefungwa. Mswada haukupita.

Kisumu tumefanya jaribio hilo bila mswada. Gugumaji liko kwenye ghuba hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kiboko yuko tangu kabla ya mtu kuandika chochote. Wameishi pamoja zaidi ya miaka thelathini na hakuna aliyemjulisha kiboko kwamba hicho ni chakula chake. Anajificha ndani yake mchana, pua na masikio tu nje, na usiku anazipita tani kwa tani za majani mabichi akielekea kwenye nyasi zako. Kazi aliyoikataa ilifanywa na fukusi wa Neochetina, wadudu wa milimita chache, walioachiliwa ziwani miaka hiyo hiyo ya 1990 wakalitafuna gugu hadi likapungua sana, kabla halijarudi tena. Fukusi, tofauti na kiboko, hawana kituo cha kuwatazama machweo.

Na kama kuna anayependekeza viboko wahasiwe, mpeleke Kolombia. Pablo Escobar alijinunulia viboko wanne miaka ya 1980 wa kupamba bustani yake ya wanyama. Yeye alikufa 1993, wao hawakuambiwa. Leo wazao wao wamepita mia, serikali iliwatangaza wanyama vamizi mwaka 2022, na madaktari wamekuwa wakiwahasi mmoja mmoja kwa gharama ya kutisha. Kende za kiboko dume zimefichwa ndani ya mwili na zina uwezo wa kusogea wakati daktari anazitafuta. Hata pale, mgonjwa amelazwa, dawa imemwingia, bado anakwepa.

Mpaka ni wa nani

Kabla hujamwita mvamizi kwenye mkutano wa Nyumba Kumi, kumbuka mwaka 2020. Mvua zilinyesha, ziwa likapanda hadi likavunja rekodi ya 1964, na vijiji vingi vya ukingoni vikajikuta vimekuwa sehemu ya ziwa. Watu walihama na magodoro vichwani. Kiboko hakuhama. Yeye alijikuta ameletewa maji hadi kwenye ua wa mtu, na kwa kuwa maji ni kwake, akaingia. Maji yaliposhuka, mawakala wa viwanja walirudi na kamba zao za kupimia na mabango ya "ploti yenye mandhari ya ziwa", wakapanda vigingi palepale. Mnunuzi kutoka Nairobi hufika saa sita mchana, jua kali, nyasi fupi nadhifu. Husifu jinsi mwenye shamba anavyoitunza vizuri. Hakuna anayemwambia ni nani aliyezifyeka.

Serikali

Kiboko si wako hata akiwa ndani ya shamba lako, mdomo umejaa mali yako. Ni wa taifa, na mlezi wake ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Ukimuua utashtakiwa. Akikuua wewe, kuna fomu.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliweka bei zake wazi: kifo cha mtu shilingi 5,000,000, ulemavu wa kudumu 3,000,000, jeraha jingine hadi 2,000,000. Mazao na mifugo hulipwa kwa bei ya soko. Orodha ya wanyama wa kulipiwa kifo na majeraha ilipoandikwa ilikuwa na tembo, simba, mamba na kiboko, na waandishi wakaongeza papa na nyangumi, kwa hiyo mkazi wa Otonglo akiumwa na nyangumi asikate tamaa. Nyani na tumbili, ambao huvuna mahindi yako saa nne asubuhi wakikutazama usoni, hawamo.

Dai la mazao lina safari yake. Unaripoti KWS, afisa anakuja kutazama, wa kilimo anahesabu miche, karatasi zinakwenda kwa kamati ya wanyamapori, kisha zinapanda Nairobi, na malimbikizo ya madai yasiyolipwa ni hadithi inayorudi bungeni kila mara. Hapo mwenye mboga ana nafuu, kwa kuwa mabua yaliyovunjika yana sura ya hasara. Mwenye nyasi ana kazi. Afisa atakapofika, nyasi zitakuwa zimeota upya, tena nzito kuliko za mwaka jana, maana mgeni aliacha samadi ya kutosha. Utasimama katikati ya malisho mazuri kuliko yote kijijini ukieleza jinsi ulivyoharibiwa. Vaa nguo kuukuu.

Kuna kifungu kimoja ukisome mara mbili. Hakuna fidia kwa mwenye mazao au mifugo ambaye hakuchukua hatua za maana za kuvilinda. Hesabu yake ni tamu: usipomzuia kiboko, hulipwi kwa sababu hukumzuia; ukimzuia akashindwa kuingia, hulipwi kwa sababu hakula. Anayelipwa ni yule aliyejitahidi vilivyo na akashindwa vilivyo, na awe na picha. Kwa hiyo tunza ushahidi wa kushindwa kwako kwa bidii. Piga picha ya debe. Piga picha ya mahali uzio ulipokuwa kabla ya mwenye koleo kupita. Mwombe bingwa wa kelele akuandikie barua angali ana sauti kidogo, na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia bichi, aigonge muhuri.

Wakati mwingine KWS wakiona kiboko fulani amekuwa hatari kwa watu, humpiga risasi. Siku hiyo ndipo utajua ukubwa wa jamii yenu. Watu ambao hawajaonekana kwenye mkutano wowote tangu uchaguzi watafika na visu, mifuko na karai, wengine kutoka ng'ambo ya barabara, kila mmoja akisikitika jinsi mazao ya wenzake yalivyoteketea. Katika umati huo hutampata mtu hata mmoja anayetaka fomu.

Mpangishe

Ukishindwa na hayo yote, fanya walichofanya wenye akili. Kule Dunga, ufukweni hapo Kisumu, kuna mahali pameandikwa kwenye ramani zote za watalii kwa jina la Hippo Point, na watu hulipia mashua machweo kwenda kumtafuta kiboko. Kwa kawaida humwona kwa mbali: masikio mawili, macho mawili, pua, kisha duara la maji. Wanarudi wameridhika. Wewe unamwona mzima, miguu yote minne, kwa saa tano, bure, na unalalamika.

Kinachohitajika ni jukwaa imara la mbao, juu, mbali na mifereji ile miwili, na kibali cha kaunti, ambacho nacho kitakuwa na fomu. Weka viti vinne. Pika chai na samaki wa kukaanga. Piga marufuku kamera za mwanga. Sauti ya nyasi ziking'olewa gizani ni ya kutisha kiasi cha kutosha, na mgeni anayetaka zaidi ya hapo akiuliza kama kiboko ni mkali, mwambie alipe kwanza.

Ng'ombe watahitaji kupisha biashara. Wahamishie Riat kwa shemeji yako, ambako kuna upepo, kuna miti, na hakuna kitu cha tani mbili kinachotoka majini. Malisho yatabaki ya kiboko usiku na ya mbu mchana, ng'ombe hawatasumbuliwa na mtu, na kichwa cha mwongozo huu kitakuwa kimetimizwa neno kwa neno. Shemeji akianza kulalamika kwamba kuna wanyama wanaomaliza nyasi zake, mtumie nakala.